Uigaji wa Mguso katika Kuhakiki Maelekezo ya Matengenezo ya Ndege

Uigaji wa mguso ni teknolojia ya kompyuta inayomwezesha mtumiaji kuhisi mkononi mwake uzito, ukinzani na mgongano wa kitu kilichomo ndani ya picha ya kidijiti tu. Katika sekta ya usafiri wa anga, teknolojia hiyo hutumika, pamoja na mambo mengine, kuhakiki iwapo maelekezo ya matengenezo ya ndege yanatekelezeka kwa mikono ya fundi kabla hayajaanza kutumika karakanani. Makala haya yanaeleza umuhimu wa maelekezo hayo, namna teknolojia ya mguso inavyofanya kazi, hatua za uhakiki, mipaka ya teknolojia yenyewe na uhusiano wake na usalama wa abiria nchini.

Nafasi ya maelekezo katika usalama wa ndege

Fundi wa ndege haruhusiwi kufanya kazi kwa mazoea wala kwa kumbukumbu. Kila kazi, iwe kubadilisha tairi au kufungua injini, hufanywa kwa kufuata kitabu cha mwongozo wa matengenezo kinachotolewa na mtengenezaji wa ndege na kufanyiwa marekebisho mara kwa mara. Mwongozo hutaja tahadhari za kuchukua, zana zinazohitajika, vipuri vinavyokubalika, mpangilio wa hatua, kiwango cha kukaza kila bolti na jaribio la mwisho la kuthibitisha kuwa mfumo uliotengenezwa unafanya kazi ipasavyo.

Maelekezo hayo ni sehemu ya masharti ya kisheria ya kuipa ndege kibali cha kuruka. Nchini Marekani, kwa mfano, kifungu cha 25.1529 cha kanuni za usafiri wa anga kinamtaka anayeomba cheti cha aina mpya ya ndege kubwa ya abiria kuandaa maelekezo ya kuiweka ndege hiyo katika hali ya kufaa kuruka katika maisha yake yote ya kazi. Kwa upande wa kimataifa, viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, hususan Kiambatisho cha 6 na cha 8, vinaweka viwango vya uendeshaji na vya ubora wa ndege ambavyo nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga huviingiza katika sheria zao.

Ukubwa wa kazi ya kuandaa maelekezo unatokana na ukubwa wa chombo chenyewe. Ndege aina ya Boeing 777 ina sehemu zinazokadiriwa kufikia milioni 3, zikiwamo misumari na bolti. Sehemu nyingi zimejificha nyuma ya nyingine, na baadhi hufikiwa kupitia kidirisha kinachoruhusu mkono mmoja tu. Mwandishi wa mwongozo hulazimika kujua ni kitu gani kitolewe kwanza, kwa zana ipi, na kipitie wapi.

Athari za maelekezo yenye kasoro

Tarehe 26 Agosti 2003, ndege ndogo ya abiria aina ya Beech 1900D iliyokuwa ikiendeshwa na kampuni ya Colgan Air ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Hyannis, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Haikuwa na abiria. Marubani wawili waliokuwamo walipoteza maisha. Ilikuwa safari ya kwanza ya ndege hiyo baada ya mafundi kubadilisha kebo ya mfumo wa kusawazisha bapa la mkia, ambalo huinua au kushusha pua ya ndege.

Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi NTSB, ulibaini kuwa kebo ilifungwa isivyo sahihi, hivyo mfumo ukafanya kazi kinyume: rubani alipoelekeza pua ipande, mfumo uliisukuma ishuke. Bodi ilieleza kuwa chanzo cha ajali kilikuwa ufungaji huo usio sahihi pamoja na jaribio lisilotosheleza lililofanyika baada ya kazi. Miongoni mwa mambo yaliyochangia, Bodi ilitaja marubani kutofuata taratibu za ukaguzi kabla ya safari, na mchoro wa gurudumu la kuzungushia kebo uliokuwa umekosewa katika kitabu cha mwongozo cha mtengenezaji. Mchoro huo ulilionesha gurudumu likiwa limegeuzwa.

Ajali nyingine iliyobadilisha mtazamo wa sekta kuhusu taratibu za matengenezo ilitokea Chicago tarehe 25 Mei 1979. Ndege aina ya DC-10 ya shirika la American Airlines, safari namba 191, ilipoteza injini ya bawa la kushoto wakati wa kuruka na kuanguka. Watu wote 271 waliokuwamo na wengine 2 waliokuwa ardhini walifariki. Wachunguzi walibaini kuwa mhimili unaoshikilia injini kwenye bawa ulikuwa na ufa uliosababishwa na utaratibu wa matengenezo. Mtengenezaji alielekeza injini iondolewe kwanza na mhimili ufuate. Lakini ili kuokoa takriban saa 200 za kazi kwa kila ndege, vyote viwili vilikuwa vikishushwa na kupandishwa kwa pamoja kwa gari la kunyanyulia mizigo. Katika nafasi finyu kati ya mhimili na bawa, mkengeuko mdogo wa gari hilo ulitosha kugonganisha vyuma na kuacha ufa usioonekana kwa urahisi.

Matukio hayo mawili yanatofautiana, lakini yote yanahusu swali moja: je, hatua zilizoandikwa au zilizozoeleka zilipimwa kwa mkono, kwa mpangilio wake, kabla ya kutumika kwenye ndege yenye watu?

Njia za kawaida za uhakiki

Kabla ya mwongozo kutolewa, mtengenezaji hutakiwa kuuhakiki. Kiwango cha kimataifa cha uandishi wa nyaraka za kiufundi kiitwacho S1000D kinatambua njia mbili kuu. Ya kwanza ni uhakiki wa mezani, ambapo wataalamu hupitia maandishi na michoro hatua kwa hatua na kuilinganisha na nyaraka za usanifu. Ya pili ni uhakiki kwenye chombo chenyewe, ambapo fundi huchukua maelekezo na kuyatekeleza kwenye ndege halisi huku mwangalizi akiandika kila kikwazo. Njia hizo mbili zinaweza kutumika kwa pamoja.

Uhakiki wa mezani ni wa gharama nafuu, lakini msomaji aliyeketi hawezi kujua kwa hakika kama ngumi ya fundi itapenya kati ya bomba na ukuta wa chuma. Uhakiki kwenye ndege halisi hutoa jibu la uhakika, lakini huchelewa. Ndege ya kwanza inapokamilika, usanifu huwa umekwisha kupitishwa na vifaa vya kiwandani vimekwisha kutengenezwa. Ikigundulika wakati huo kwamba pampu haiwezi kutoka bila kufungua mabomba matano, ni vigumu kuhamisha pampu. Kinachobaki ni kuongeza kurasa katika mwongozo na saa katika kazi ya fundi.

Kwa miongo mingi watengenezaji walijenga vielelezo vya mbao na vya chuma vyenye ukubwa kamili wa ndege ili kupima mambo hayo mapema. Mabadiliko makubwa yalikuja na ndege ya Boeing 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1994, ambayo usanifu wake ulifanyika kwa kompyuta kwa kutumia programu ya CATIA. Vielelezo vya kidijiti vilichukua kwa sehemu kubwa nafasi ya vile vya kushikika. Hata hivyo, pengo moja lilibaki: katika skrini, mtu anaweza kuona sehemu mbili zikigongana, lakini mkono wake hauhisi chochote na hauzuiwi na chochote.

Namna kompyuta inavyozalisha hisia ya mguso

Chimbuko la teknolojia ya mguso liko nje ya sekta ya anga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mhandisi Raymond Goertz wa Maabara ya Taifa ya Argonne nchini Marekani alibuni mikono ya mitambo ya kushikia vitu vyenye mionzi ya nyuklia kutoka mbali, ikiwamo ile iliyomrejeshea mwendeshaji hisia ya nguvu. Mwaka 1967, Chuo Kikuu cha North Carolina kilianzisha mradi wa GROPE chini ya Frederick Brooks, uliotafuta kuunganisha mikono ya aina hiyo na picha za kompyuta. Katika miaka ya 1990, Thomas Massie na Kenneth Salisbury wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walitengeneza kifaa cha mezani kiitwacho PHANTOM, kilichofungua njia ya matumizi mapana zaidi katika maabara na viwanda.

Kifaa cha mguso ni mkono mdogo wa roboti wenye mota katika viungo vyake. Mtumiaji hushika ncha yake kama anavyoshika kalamu au mpini wa spana. Anaposogeza mkono, vihisio hupima mahali ulipo na mwelekeo wake. Kompyuta hukisogeza kitu cha kidijiti vivyo hivyo. Na kitu hicho kinapogusa kingine, kompyuta hukokotoa nguvu ya ukinzani na kuziamuru mota zisukume mkono wa mtumiaji kinyume. Vifaa kamili hupima na kurejesha nguvu katika mielekeo 3 ya kusogea na mihimili 3 ya kuzunguka, yaani namna zote 6 ambazo kitu kigumu kinaweza kusogezwa angani.

Ugumu wa kazi hiyo uko katika kasi. Jicho huridhika na picha zipatazo 24 hadi 30 kwa sekunde na kuziona kama mwendo mmoja. Mkono hauridhiki na kasi hiyo. Ili ukuta wa chuma uhisiwe kuwa mgumu, na si kama sponji inayotetemeka, hesabu ya nguvu hufanywa takriban mara 1,000 kwa kila sekunde. Katika eneo la injini lililosheheni mabomba, nyaya na vishikizo, kulinganisha kila uso na kila uso mwingine kwa kasi hiyo kulikuwa mzigo mkubwa kwa kompyuta.

Ufumbuzi mmojawapo ulitoka kampuni ya Boeing. Mwaka 1999, William McNeely, Kevin Puterbaugh na James Troy walichapisha mbinu inayoyagawa mazingira yasiyosogea katika vijichemba vidogo vya mraba viitwavyo vokseli, huku kifaa kinachosogezwa kikifunikwa kwa nukta nyingi katika uso wake. Badala ya kulinganisha maumbo magumu, kompyuta huuliza tu kila nukta iko katika kijichemba cha aina gani: kitupu, cha usoni au cha ndani ya chuma. Nguvu za nukta zote zilizogusa hujumlishwa na kupelekwa mkononi mwa mtumiaji. Mbinu hiyo ilikusudiwa hasa kazi za aina ya matengenezo, ambapo mtu hupitisha kifaa kigumu katika nafasi iliyojaa vizuizi.

Hatua za uhakiki wa maelekezo

Uhakiki kwa njia ya mguso hupitia hatua zinazofuatana. Kwanza, wataalamu huchukua kielelezo cha kidijiti cha eneo linalohusika kutoka ofisi ya usanifu na kuhakikisha kuwa ni toleo la karibuni. Pili, vitu hugawanywa: vile vitakavyobaki mahali pake, vile vitakavyotolewa, na zana zitakazotumika. Tatu, maelekezo husomwa kwa mpangilio wake, na kila hatua hutekelezwa na mtu aliyeshika kifaa cha mguso, inavyopendeza fundi mwenye uzoefu ambaye hakushiriki kuyaandika. Nne, kompyuta huhifadhi njia iliyopitiwa, mahali palipogongwa na muda uliotumika. Tano, matokeo hurejeshwa kwa mwandishi wa mwongozo au kwa msanifu, na jaribio hurudiwa baada ya marekebisho.

Katika mchakato huo, kasoro za aina kadhaa hujitokeza. Ya kwanza ni ya mpangilio: maelekezo yanasema ondoa pampu, lakini bomba lililo mbele yake linatajwa hatua tatu baadaye. Ya pili ni ya nafasi: bolti inafikika, lakini spana haina nafasi ya kuzunguka. Ya tatu ni ya njia: kifaa kinafunguka vizuri, lakini hakiwezi kutoka hadi kigeuzwe upande, jambo ambalo maandishi hayakulitaja. Ya nne ni ya mwelekeo: mchoro unaonesha kifaa kutoka upande ambao fundi hawezi kukiona akiwa mahali anapofanyia kazi. Ya tano ni ya uzito: mtu mmoja ameelekezwa kushika kitu ambacho mkono wake hauwezi kukihimili akiwa ameunyoosha.

Hapa ndipo mguso unapoizidi picha. Mafundi wengi hufanya sehemu ya kazi yao bila kuona, mkono ukiwa nyuma ya ukuta wa chuma na vidole vikitafuta nati kwa kupapasa. Kasoro katika kazi ya namna hiyo hazionekani vyema katika mchoro, kwa kuwa mchoro huondoa vizuizi ili msomaji aone.

Mifano ya matumizi

Mbali na Boeing, kituo cha utafiti cha CEIT kilichopo San Sebastián nchini Hispania kilitengeneza mfumo wa REVIMA kwa ajili ya kupima urahisi wa kutengeneza injini za ndege. Watafiti wake walibaini kuwa vifaa vidogo vya mezani havitoshi, kwa kuwa fundi wa injini husimama na kunyoosha mikono. Hivyo walibuni kifaa kikubwa cha mguso, kilichotangazwa mwaka 2004, chenye eneo la kazi linalokaribia ufikiaji wa mkono wa mtu aliyesimama.

Nchini Ufaransa, kampuni ya Haption, iliyoanzishwa mwaka 2001, huzalisha vifaa vya mguso viitwavyo Virtuose. Utaalamu wake ulitokana na utafiti wa kamisheni ya nishati ya nyuklia ya nchi hiyo, hali inayoonesha kuwa teknolojia hii bado ina uhusiano na chimbuko lake la kushika vitu vya hatari kutoka mbali.

Mipaka ya teknolojia

Pamoja na manufaa hayo, uigaji wa mguso una mipaka inayopaswa kueleweka. Kwanza, vifaa vingi vya mezani hutoa nguvu ya newtoni chache tu, ilhali kifaa chenye uzito wa kilo 20 huhitaji takriban newtoni 196 kukishikilia kisianguke. Mtumiaji huhisi mgongano, lakini hahisi uchovu halisi wa bega la fundi.

Pili, usahihi hutegemea ukubwa wa vokseli. Vijichemba vikiwa vikubwa, mwanya mdogo huweza kuhesabiwa kuwa umezibwa. Vikiwa vidogo mno, kompyuta hulemewa. Tatu, mbinu hizo zilibuniwa kwa vitu vigumu. Nyaya, mipira ya mafuta na kebo hupinda na kubadilika umbo, na kuviiga kwa kasi inayotakiwa ni kazi ngumu zaidi. Nne, kielelezo cha kidijiti ni ndege mpya na safi. Hakina kutu, bolti iliyogandamana, grisi wala baridi ya usiku.

Kwa sababu hiyo, haitakuwa sahihi kudai kuwa teknolojia hii peke yake ingezuia ajali ya mwaka 2003 iliyotajwa hapo juu, kwani ilihusu kebo na jaribio la mwisho ambalo halikutosheleza. Kinachoweza kusemwa ni kuwa mtu anayelazimika kuitekeleza kila hatua kwa mkono, huku akitazama mchoro, ana nafasi kubwa zaidi ya kugundua kuwa mchoro na chuma havilingani kuliko mtu anayesoma tu. Uigaji hupunguza idadi ya kasoro zinazofika kwenye ndege halisi; hauondoi haja ya uhakiki kwenye ndege hiyo wala haja ya mkaguzi wa pili.

Uhusiano na usafiri wa anga nchini

Tanzania haitengenezi ndege kubwa za abiria. Ndege zinazotumiwa na Kampuni ya Ndege Tanzania, zikiwamo Boeing 787-8 na Airbus A220-300, huja na maelekezo ya matengenezo yaliyoandikwa na kuhakikiwa na watengenezaji wake nje ya nchi. Kwa hiyo, ubora wa uhakiki unaofanywa huko una athari ya moja kwa moja kwa fundi anayefanya kazi Dar es Salaam au Kilimanjaro, na kwa abiria anayesafiri kwenda Mwanza, Kigoma au Zanzibar.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kifupi TCAA, ndiyo yenye jukumu la kusimamia usalama wa usafiri wa anga nchini, ikiwa ni pamoja na utoaji wa leseni kwa wahandisi wa matengenezo na uidhinishaji wa karakana. Katika ngazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakala wa usimamizi wa usalama wa anga uitwao CASSOA, wenye makao yake Entebbe nchini Uganda, husaidia kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Aidha, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinatoa mafunzo ya uhandisi wa matengenezo ya ndege, hatua inayoongeza idadi ya Watanzania wanaotumia miongozo hiyo kila siku.

Wahandisi hao wana nafasi katika mnyororo wa uhakiki. Mwongozo ukishatolewa, mhakiki wake wa mwisho ni fundi aliye chini ya bawa. Kanuni za Ulaya zinazosimamia karakana za ndege, kwa mfano, zinazitaka karakana ziwe na utaratibu wa kumtaarifu mwandishi wa maelekezo pale yanapobainika kuwa na makosa, kutokamilika au kutoeleweka. Fundi anapokutana na hatua isiyotekelezeka, wajibu wake ni kusimamisha kazi, kuandika taarifa na kusubiri ufafanuzi wa mtengenezaji. Kubuni njia yake mwenyewe, hata kama ni ya haraka zaidi, ndiko kulikoanzisha ufa wa mwaka 1979.

Kwa abiria, jambo hilo wakati mwingine huonekana kama ucheleweshaji wa safari kwa sababu za kiufundi. Nyuma ya tangazo hilo panaweza kuwa na mhandisi aliyekataa kutia saini kazi ambayo maelekezo yake hayakulingana na alichokishika mkononi. Taarifa atakayoiandika hupelekwa kwa mtengenezaji, na ikithibitishwa, ukurasa unaohusika hurekebishwa kwa ajili ya ndege zote za aina hiyo, popote zinapofanya kazi.